Ufunguo wa Mtaliano

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa wembe wa kunyolea, tena uliokwisha makali. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa karakana ya misheni karibu na Mbuba, wilayani Ngara, kwa kuwa mapadre walitaka kijana anayeweza kusoma vitabu vya mashine. Nilipofika nikakuta vitabu vyenyewe vimeandikwa Kitaliano.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu Fundi Mkuu, mtu wa Kanazi, mfupi, mwenye vidole vinene.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Wembe."

"Kwa kinyozi ni wembe. Hapa ni kipimo."

Alinionyesha platini, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Mwanya kati yao ukizidi, injini inakohoa, ukipungua, inalala. Kipimo halisi kilipotea zamani, naye akagundua kwamba nyembe mbili zikipita pamoja bila kubanwa, mwanya ni sawa. Nilishangaa, na hadi leo sijaacha kushangaa.

Pikipiki niliyopimia siku hiyo ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Ilikuwa nyekundu iliyopauka, na tangi lake refu lilikuwa na mabonde mawili ya kuwekea magoti. Tulimwita Mtaliano. Ninyi vijana mmezoea kukanyaga gia kwa mguu wa kushoto; Mtaliano gia zake zilikuwa kulia na breki ya nyuma kushoto. Ufunguo wake haukuwa na meno. Ulikuwa kijiti cha chuma chenye kichwa, unachomekwa juu ya taa ya mbele na kusukumwa chini. Nilimuuliza Fundi Mkuu kwa nini Wataliano waliamua hivyo. Akasema, "Wewe unauliza sana. Waandikie barua."

Vipuri havikuwapo. Gasketi tulikata kwenye maboksi ya sigara. Boya la kabureta, lile linaloelea na kufunga petroli ikijaa, lilitoboka, tukachonga jingine kwa kizibo cha chupa ya divai ya misa na kulipaka gundi. Liliziba vizuri kupita kiasi. Tangu hapo Mtaliano akiwa wa baridi hakuwaka mpaka umlaze upande wa kushoto, karibu na ardhi, usubiri petroli idondoke matone, kisha umsimamishe na kupiga kiki. Akishapata moto, anawaka kwa pigo moja kutwa nzima.

Zilipokuja operesheni za vijiji, watu wengi walihamia kando ya barabara. Kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Bukiriro kiliomba kumnunua Mtaliano kwa ajili ya zahanati yake. Bwana Mganga wa pale alikuwa akipanda vilima kwa miguu na sanduku la chanjo begani, na chanjo ikipata joto inaharibika. Mapadre wakakubali, wakamwachia Fundi Mkuu auze.

Hapo ndipo nilipojifunza kuuza. Fundi Mkuu aliuza pikipiki kama baba yake alivyouza ng'ombe. Mnunuzi anakaa, pombe ya ndizi inaletwa, na muuzaji anataja tabia zote mbaya za mnyama mbele ya mashahidi. Halafu mnyama anaondoka, lakini kamba yake inabaki kwa muuzaji. Mwenye kamba ndiye anayeulizwa. Mnyama akiugua, mwenye kamba ndiye anayeitwa. Akipotea, yeye ndiye anayemtafuta. Na mwenye kamba hahami bila kumwambia mwenye mnyama.

Basi mbele ya kamati ya kijiji akaanza: gia ziko kulia, breki kushoto, kiki inarudisha pigo na inaweza kuvunja mguu, asubuhi lazima alazwe.

"Mzee," Mwenyekiti wa kijiji akamkatiza, "unatuuzia au unamlaani?"

"Namtambulisha. Ulipooa hawakukutambulisha?"

"Walinificha mengi."

"Ndiyo maana unalalamika mpaka leo."

Kamati ikacheka, ikanunua. Fundi Mkuu akachomoa ufunguo, akautia mfukoni kuwa ndiyo kamba, na badala yake akachomeka msumari wa kawaida. Ulifanya kazi ileile. Bwana Mganga, mtu mpole wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: "Alazwe kushoto mpaka yadondoke matone mangapi?" Fundi Mkuu akanigeukia: "Umeona? Huyu atamtunza."

Akamtunza kweli. Tuliusikia mlio wa Mtaliano kutoka bonde la pili, na akina mama walianza kujipanga na watoto kabla hajatokea.

Kisha vikaja vita. Magari ya watu na ya mashirika yalichukuliwa kwenda kusaidia, na hakuna aliyenung'unika wazi, maana nchi ilikuwa imevamiwa. Asubuhi moja Bwana Mganga alikuwa amefika karakana kukaza cheni, injini bado ya moto, ndipo lilipoingia gari la jeshi. Afisa aliyeshuka alikuwa kijana, macho mekundu kwa usingizi.

"Hiyo nayo inahitajika," alisema akionyesha Mtaliano.

"Chukua, mwanangu," Fundi Mkuu alijibu. "Lakini kaa kwanza nikwambie tabia zake. Haichukui muda."

"Mzee, kule watu wanakufa."

"Najua. Akiwa wa baridi hawaki. Lazima alazwe chini upande wa..."

Afisa akapanda, akapiga kiki. Mtaliano akawaka kwa pigo moja, akaunguruma kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Hawaki, eh?" Afisa alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mzee wangu, ningekuwa wewe hata mimi ningedanganya."

Akampa askari wake mmoja. Yule askari alikanyaga kushoto akitafuta gia, akapata breki, nusura aruke juu ya taa. Tukamwonyesha kulia. Wakaondoka.

Bwana Mganga alibaki ameshika sanduku lake la chanjo. Aliliweka kichwani, akaanza kupanda kilima. Miezi iliyofuata surua ilipita Bukiriro, nami sitaeleza zaidi, kwa kuwa wazazi wa wale watoto bado wanaishi pale.

Vita vilipokwisha mimi nilikuwa nimeajiriwa serikalini, nikapangiwa yadi ya magari Biharamulo. Nilipokwenda kuaga, Fundi Mkuu alikuwa haendi tena mbali kwa sababu ya goti bovu. Alinipa ufunguo.

"Huko yanakusanywa magari yaliyotoka vitani. Mtafute. Mimi ndiye ninayeulizwa, na Bwana Mganga hupita hapa kila wiki. Haniulizi, na hilo linaniuma zaidi."

Mkuu wa Yadi wa Biharamulo alikuwa Msubi, mwenyeji wa hapohapo, mnene, mcheshi, asiyeamini mtu. Wiki yangu ya kwanza nilizunguka yadi nzima nikiwa na udadisi wangu uleule: malori bila milango, magari madogo ya jeshi yaliyotobolewa kwa risasi. Nyuma kabisa, kwenye lundo lililosubiri kukatwa kuwa chuma chakavu, niliona tangi refu lenye mabonde mawili ya magoti. Walikuwa wamempaka rangi ya kijani. Ubavuni pameandikwa kwa chaki: MBOVU. Juu ya taa msumari ulikuwa umeshika kutu.

Nikamwendea Mkuu wa Yadi. "Mzee, ile ni pikipiki ya zahanati ya Bukiriro."

"Na mimi ni askofu. Juzi mtu kaja hapa kudai trekta, kumbe hajawahi hata kumiliki jembe. Una karatasi?"

"Nina kamba." Nikamwonyesha ufunguo na kumweleza.

Aliugeuza mkononi. Kwao pia walijua kuuza ng'ombe kwa kamba. "Kamba ya ng'ombe naijua," alisema, "lakini huyu wako ni mfu. Dereva aliyemleta alisema alifika hapa vizuri, akapakwa rangi, wakalala, kesho yake asubuhi akagoma. Wakabadilisha plagi, wakamsukuma mtaa mzima, wakampiga mateke. Hakufika vitani. Vita vyake viliishia hapo getini."

Nikamsogelea. "Asubuhi, mzee? Alikuwa wa baridi?"

"Sasa asubuhi awe wa moto, amelala na nani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye akaendelea: "Sikiliza. Jumamosi wakataji wanakuja. Akiwaka kabla ya hapo, nitamwandikia kibali arudi zahanati yake. Asipowaka, usiniletee tena habari za kamba."

Jioni ile nilisafisha kabureta. Kile kizibo cha divai kilikuwa bado kipo, kizima. Nilipitisha nyembe mbili kwenye platini, nikaondoa kutu kwa ubavu wa kiboksi cha kiberiti, nikatia petroli. Nikang'oa msumari, nikachomeka ufunguo. Kisha nikamlaza kushoto, taratibu, mbele ya mafundi wote.

"Anamlaza alale!" mmoja akapiga kelele. "Mwimbie basi!"

Nikasubiri matone. Nikamsimamisha. Pigo la kwanza, kimya. La pili kiki ikanirudishia goti, nikaona nyota. La tatu akakohoa moshi mweusi, akawaka.

Mkuu wa Yadi alikaribia, akafuta lile neno la chaki kwa kiganja chake. "Kumbe hakuwa mgonjwa," alisema. "Hakutambulishwa tu."

Nilimwendesha mwenyewe hadi Ngara. Kabla sijafika Bukiriro niliona akina mama wametoka barabarani na watoto migongoni. Walikuwa wameusikia mlio. Bwana Mganga alitoka na sanduku lake, akagusa tangi, akasema, "Rangi hii haimpendezi." Fundi Mkuu nilimrudishia ufunguo, akaukataa. "Kamba ni ya aliyekwenda kumtafuta."

Nilifanya kazi baadaye Nyakanazi, Lusahunga na kwingine, kwani miguu yangu haijui kutulia. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na wenzangu hucheka nikijiita mstaafu, lakini macho yamekataa. Mwanya wa nyembe mbili siuoni tena. Bwana Mganga alipostaafu, kijiji kikamuuza Mtaliano kwa mwalimu wa Mbuba, nikaitwa kutaja tabia. Nilizitaja zote. Mwalimu alisikiliza, kisha akauliza, "Na mwenye kamba, yeye tabia yake ipi? Nasikia hukai mahali."

Alisema kweli.

Ndiyo maana hadi leo, kabla sijapanda gari kwenda popote, hupita kwanza Mbuba alfajiri na kumwambia mwalimu ninakokwenda. Yeye humlaza Mtaliano kushoto, nasi husubiri matone, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu na msumari kwenye taa. Akishawaka, ndipo nami huondoka.