Nilimfundisha Nikiwa Mwali

Juzi nilikwenda Kisarawe harusini, nikapitia kwetu. Nyumba haipo. Pamebaki tuta la udongo na mikorosho miwili mitatu. Kijana wa ukoo aliyenisindikiza akashusha pumzi, akasema, "Bibi, zamani kulikuwa na raha." Nikamgeukia. Raha ya nani?

Sikatai, raha zilikuwepo. Korosho zikikaangwa uani kwenye debe, harufu yake inafika hadi kisimani. Ila wa kuzibangua tulikuwa sisi wasichana, vidole vinababuka kwa utomvu, wavulana wako mpirani. Wakirudi, nzima nzima wanakula wao, sisi vipande. Kuku akichinjwa, firigisi ya kaka. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa una mdomo.

Shuleni nilimshinda kaka yangu lakini. Enzi hizo za Mwingereza tulikuwa darasa la nne pamoja, ingawa kaka alinizidi miaka miwili. Nilikuwa namaliza hesabu yeye angali anachonga penseli. Kisha nikavunja ungo, na wiki ile ile nikawekwa ndani, chumba cha nyuma, nisionekane na mwanamume mpaka nichezwe ngoma.

Alasiri moja mwalimu wetu akaja. Nilimsikia kupitia kiambaza akimwambia baba kwamba kuna nafasi shule ya bweni, na kwa jinsi ninavyosoma ameniombea mimi. Anaomba tu nitolewe nikafanye mtihani. Nikaanza kufikiri nitabeba nguo gani.

Baba akamjibu. "Ahsante sana, mwalimu. Basi mwandike kaka yake."

"Mzee, ile ni shule ya wasichana."

"Alaa! Kumbe haituhusu."

Nilimngoja mama aseme neno, hata moja. Akamletea mwalimu maji ya kunywa.

Sasa sikia hili, ndilo linalonichoma mpaka leo. Kesho yake baba akamkalisha kaka nje ya ukuta wa chumba changu, na vitabu vyake vyote. "Dada yako akueleweshe," akasema. Kwa hiyo alijua! Alijua kabisa kichwa kiko wapi. Miezi mitatu nilimfundisha yule mvulana kupitia ufa wa udongo, namrudia hesabu moja mara kumi, nalia, sauti naizuia. Akafaulu mtihani wa darasa la nne. Akachinjiwa mbuzi. Bibi akaniletea mchuzi mle ndani, akaniambia nishukuru, nimemfaa kaka yangu.

Nilipotolewa, nimekuwa mweupe kwa kukosa jua, vigelegele vilipigwa na mposaji alikuwa ameshapatikana. Nafasi ile alipewa msichana mwingine. Nilimchukia bila kumjua, maskini wa Mungu.

Wote wamekwenda, Mungu awarehemu. Baba nimemsamehe mara nyingi, na kila mara hasira inarudi. Kaka alikuja kuwa karani mjini, akawa anamwandikia baba. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo alituma niitwe kutoka kwa mume wangu nikamsomee. Kila barua kaka alimshukuru kwa kumsomesha. Nilisoma vile vile ilivyoandikwa, neno kwa neno. Baba akafuta machozi, akaniambia, "Unaona faida ya mtoto wa kiume?"