Nusu Tangi ya Dizeli

Kila ninusapo dizeli kwenye kituo cha mafuta, narudi uani kwetu Doonside, pembezoni mwa Sydney, majira ya baridi ya mwaka wa kwanza wa korona. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba amelala chali chini ya pikapu yake, Nyanya amekaa kwenye kiti cha plastiki akiota jua, leso mbili mabegani, nami nampokeza Baba spana. Nyanya alikuwa mama yake Mama. Alitoka Nakuru kututembelea kwa miezi mitatu, ndege zikasimama, miezi mitatu ikawa sita. Nikimjibu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi mpaka nirudie kwa Kiswahili, kisha akanimegea kiazi kitamu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikila pamoja na viazi vile.

Mama hakuwepo. Wiki tatu tu baada ya Nyanya kufika, alipata kazi ya kutunza wazee katika mji mdogo wa milimani, mwendo wa saa sita kutoka kwetu, huko theluji inakoanguka. Korona ilipoingia, wafanyakazi wakapungua na likizo ikawa ndoto. Kisha habari ikaja kwamba Nyanya amepata kiti kwenye ndege ya kuwarudisha Wakenya nyumbani, Jumamosi jioni. Mama aliomba na kulia mpaka akapewa siku mbili. Mpango ukawa huu: Baba nami tupande milimani Ijumaa, tumchukue Mama alfajiri atokapo zamu, na kufikia alasiri awe ameshamkumbatia mama yake. Nyanya mwenyewe hangeweza kwenda. Kifua chake hakikuvumilia baridi ile.

Baba aliiandaa pikapu kama bibi harusi. Alibadilisha betri, akatia rejeta maji yasiyoganda, akakagua matairi moja moja, akanunua hata kikwangulio cha kuondoa barafu kiooni. Jirani yetu, mzee wa Kiaustralia aliyewahi kuendesha malori, alimwonya kutoka ng'ambo ya ua: asijaze tangi huku Sydney. Dizeli ya huku huganda kule. Aende na nusu tangi, ajazie ile inayouzwa milimani, iliyofanywa nyepesi kwa ajili ya baridi. Baba alishukuru kwa adabu, lakini alipoingia ndani alikuwa anacheka. Kwa miaka kumi na minne aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba, na kwake dizeli nyepesi ilikuwa na maana moja tu: dizeli ambayo wezi wameichanganya na mafuta ya taa. Fahari yake ilikuwa kwamba hakuwahi kuuziwa wala kuuza mafuta ya namna hiyo. Alijaza tangi kwenye kituo alichokiamini, akalijaza pomoni, kama alivyofanya kila safari.

"Nimelala Timboroa mimi," alimwambia Nyanya, akitaja nyanda za juu za baridi kwenye njia yake ya zamani. "Baridi itaniambia nini?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asubuhi ile ya Jumamosi nyasi zilikuwa nyeupe na zilivunjika chini ya viatu. Mama alitoka kazini mbio, barakoa ingali kidevuni, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi, harufu ya sabuni ya hospitali imemjaa. Tukaingia garini. Injini ikaguna, ikawaka kidogo, ikazimika, na haikutaka tena. Baba alifungua chujio la mafuta akakuta dizeli imeganda nyeupe kama mafuta ya kupikia ndani ya kopo. Tulibeba maji ya moto birika baada ya birika kutoka kwenye chumba tulicholala hapo jirani, tukamwagia chujio, tukafunika injini kwa blanketi. Mabasi hayakuwa yakienda, na nani angekupa lifti enzi zile za kuogopana? Mama alikaa mbele, mkoba mapajani, akitazama saa. Hakumlaumu Baba hata kwa neno moja, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Baba zaidi. Gari lilikubali saa tisa alasiri.

Wahenga walisema kawia ufike. Sisi tulikawia na hatukufika. Tulikuwa Goulburn, mwendo wa saa mbili kutoka Sydney, kando ya barabara kuu, Nyanya alipopiga simu kutoka uwanja wa ndege, alikopelekwa na mama mmoja wa kanisani kwetu. Mama aliweka sauti nje ili sote tusikie. Nyanya alisema wanaita watu waingie, na kwamba viazi vyangu ameviacha kwenye sufuria.

"Usigombane na huyo mwanamume," akamwambia Mama. "Amekufuata mbali."

Alifariki Nakuru mwaka uliofuata, mipaka ingali imefungwa. Mama alimzika kupitia simu, amekaa kwenye kiti kile cha plastiki uani.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina gari langu, na anga iko wazi. Ndege ziko kila siku. Nikitaka, kesho kutwa niko Nakuru. Nina hamu na Nyanya kwa namna ambayo tiketi haiwezi kuiponya. Baba naye hajapanda milimani tena. Mama alirudi nyumbani zamani, anafanya kazi Bankstown, na pikapu haivuki mipaka ya Sydney. Hata hivyo, kila baridi iingiapo, Baba hajazi tangi. Hufika nusu, akaachia.

Juni hii nilikuwa kiti cha nyuma, kama zamani. Baba alikuwa nje ameshika pampu. Mama akashusha kioo.

"Jaza tu, Baba Wanjiru," akamwambia polepole, akimwita kwa jina langu. "Siku hizi hakuna tunayemkimbilia."

Baba alitazama namba za lita zikipanda. Zilipofika nusu tangi, alirudisha pampu mahali pake, akafunga kifuniko, akaenda kulipa.