Mbegu Tuliyoipanda Kabla ya Mvua

Serikali ya Wajerumani, ambayo askari wake walituchomea maghala wakati wa vita vya Majimaji, ndiyo iliyotuletea mbegu baadaye. Baba alikuwa amefia vitani. Mama alichukuliwa na njaa iliyofuata. Nilibaki mimi, msichana wa miaka kama kumi na mitano, na wadogo zangu watatu, hapo kijijini kwetu Mnyambe. Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha mama alipoanza kuumwa, kwa sababu maji yapo chini bondeni na lazima mtu ayapandishe.

Kwa desturi yetu, mwenye haki juu yetu alikuwa mjomba, ndugu wa mama. Alikuwa ameshakata shauri: mimi niolewe, wawili wapelekwe kwa jamaa zetu kule Chiungutwa, na kitindamimba akae naye.

"Nyumba isiyo na mtu mzima si nyumba," alisema.

"Mjomba, nipe mpaka mavuno."

"Mavuno ya nini? Ya majivu?"

"Ya mbegu ya serikali."

Alicheka, lakini alikubali kungoja karani wa serikali apite.

Mbegu tuligawiwa Newala, kila kaya yenye shamba lililolimwa kibaba kimoja cha mtama. Tuliambiwa wazi kwamba karani atakuja kukagua. Kaya iliyopanda ingeandikwa na kupewa mtama wa kula. Iliyokula mbegu ingefutwa.

Wenzetu walirudi na mbegu zao wakangoja mvua. Mimi niliogopa kungoja. Mbegu ikae ndani, mtoto alie, na chungu kipo mekoni? Nilijijua. Siku ile ile niliichanganya na majivu ili mchwa wasiile, tukaipanda katika udongo mkavu, punje tatu kila shimo, wadogo zangu wakifukia kwa visigino.

Jirani yetu alisimama mpakani akatazama.

"Unawalisha mchwa, mwanangu. Na hao ndugu zako watakula nini?"

"Ming'oko, mama."

Na ndiyo tuliyokula, viazi vya porini, mpaka vidole vikachubuka kwa kuvichimba. Kitindamimba aliniuliza mara moja tu kama hatungeweza kufukua shimo moja. Nilimwambia hapana, nikageuza uso.

Karani alifika na askari mmoja, mvua ikiwa bado. Mjomba naye alikuja, ameshika mkeka wa kufungia vitu vya watoto. Niliwapigia magoti.

"Shikamooni."

"Marahaba," alisema karani, huku akitazama shamba. "Binti, hapa sioni hata jani. Mmekula."

"Tumepanda, bwana."

"Kila nyumba leo imepanda! Hata mwenye mashavu yaliyojaa mtama kapanda!"

Askari wake alicheka. Mjomba alianza kukunjua mkeka.

Nilichukua jembe, nikampa karani. "Chagua mwenyewe pa kuchimba, bwana."

Alichagua mbali, pembeni kabisa, mahali ambapo mvivu asingefika. Akafukua. Hakuona kitu. Akapiga tena kidogo kando, akachutama, akachambua udongo kwa vidole, kisha akafungua kiganja: punje tatu, nyeupe kwa majivu.

Alifungua daftari. "Mwenye kaya ni nani?"

Mjomba alisogea mbele.

"Sikukuuliza wewe. Nani kapanda?"

"Mimi," nikasema. "Na hawa."

Akaandika.

Mtama wa kula tuliupata siku ile ile. Niliupika ugali mgumu, na kabla hatujanawa nilimtuma mdogo wangu ampelekee mjomba sahani, kwa maana yeye alikuwa amekula mbegu yake, na karani hakumwachia kitu. Alikuja mwenyewe kurudisha sahani, imeoshwa. Alisimama mlangoni kwetu, hakuingia mpaka nilipomkaribisha.

"Mwakani," aliniambia, "ukianza kupanda, uje uniamshe."