Lavinia Mpeleka Hesabu

Lavinia hakuzipenda hesabu hata alipokuwa shuleni, na ukimuuliza atakwambia bila haya. Lakini mwaka huo, pale kijijini kwao, visiwani Tonga, alizibeba mikononi asubuhi na jioni kama mtu anayempelekea mgonjwa uji.

Sababu ni wanawe wawili. Kepueli, mkubwa, alikuwa bingwa wa hesabu. Telesia, mdogo wake, alikuwa ameshaanguka mtihani wa hesabu mara moja. Nyumba nyingine wangeketi meza moja, yakaisha. Kwa Lavinia, thubutu! Mvulana akishabaleghe analala kibanda cha nje, haketi chumba kimoja na dada yake wala hapigi naye porojo. Ndiyo heshima. Basi Telesia akikwama, mama anachukua karatasi, anavuka uwanja wenye nguruwe, anampa Kepueli, anasubiri, anarudi nayo.

“Mama, huyu mtoto ana kichwa au ana kiazi?” Kepueli aling’aka siku moja. “Amekosea mabano tena!”

Lavinia akarudi ndani. “Kaka yako anasema umejitahidi, ila uangalie mabano.”

“Amesema hivyo kweli?”

“Kati yangu na wewe, nani katoka huko?”

Halikuwa jambo la mchezo. Shangazi Latai, dada wa baba yao, alishatamka kwamba Telesia akianguka tena aache shule, aende kwake kufuma mikeka. Na kwetu shangazi akishatamka, nani wa kumbishia? Baba mtu aliinamisha kichwa tu. Lavinia roho ilimuuma, maana binti alitaka unesi, na alimwona anavyohangaika.

Jumamosi, mtihani ukiwa Jumatatu, mvua ilinyesha. Lavinia akateleza uwanjani, karatasi mkononi, pu! Kifundo kikavimba, akawa wa kulala mkekani, mguu haugusi chini. Telesia alilikodolea macho swali lile lile la mabano mpaka machozi yakamtoka.

“Basi, mama. Nitafuma mikeka.”

Ndipo wakasikia mtu akiketi nje, mgongo ukutani.

“Mama!” Ilikuwa sauti ya Kepueli.

“Nakusikia.”

“Nataka kukufundisha hesabu.”

“Mimi? Na mguu huu?”

“Hesabu haifanywi kwa mguu, mama. Sikiliza. Una tatu, kutoa, halafu mabano. Ndani ya mabano kuna eksi kutoa tano. Sasa, Shangazi Latai akiingia humo ndani, anabadilika aliye mlangoni peke yake?”

Lavinia alicheka na maumivu yake. “Weee! Tunabadilika wote. Aliyelala anakaa, aliyekaa kitini anashuka chini.”

“Haya. Ile alama ya kutoa iliyo nje ya mabano ndiyo Shangazi Latai. Wote walio ndani wanageuka, si eksi tu. Kutoa tano inakuwa nini?”

Lavinia hata hakujua. Akamtazama binti yake. Telesia aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akamnong’oneza.

“Kujumlisha tano!” Lavinia akapaza sauti.

“Na jibu zima?”

Mnong’ono mwingine. “Nane kutoa eksi!”

“Sawasawa kabisa! Twende lingine.”

Likaja lingine, na lingine, mvua ikimlowesha Kepueli magoti. Mwisho akasema:

“Mama, Jumatatu usiogope. Una akili wewe, kunishinda mimi nilipokuwa kidato hicho.”

Telesia alijifunika uso kwa karatasi. Lavinia akamjibia: “Nimesikia, mwanangu. Asante.”

Matokeo yalipotoka, Telesia alikuwa amefaulu. Lavinia, akichechemea bado, alivuka uwanja kumpasha Kepueli habari.

“Mwambie vizuri,” alisema Kepueli, akageuka haraka kuwamwagia nguruwe chakula, na mabega yakaanza kumtikisika.

Lavinia alirudi ndani. Telesia alikuwa amesimama, anasubiri.

“Amesemaje, mama?”

“Kaka yako analia.”