Mtoto wa Kutembea Haruhusiwi

Nadège ni jirani yangu hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, na kumjua hakukuhitaji kupiga hodi kwake. Ulikaa tu uani kwako ukasikiliza. "Vainqueur, toka kwa moto! Chérie, tema! Tema!" Hivyo kutwa nzima. Vainqueur alikuwa ametimiza miaka miwili, na hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Dada yake Chérie alikuwa mtoto mwema wa kukaa pale ulipomweka, mpaka alipogundua kazi ya magoti. Tangu siku hiyo mama yao hakula tena chakula cha moto.

Baba yao, Wilfried, anachimba dhahabu huko Lulimba. Hupiga simu Jumapili na kuuliza, "Batoto beko salama?" Wanaume wana raha jamani, swali lao ni moja tu.

Zamani, kabla Vainqueur hajaanza kutembea, Nadège alianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni pamoja nasi. Alikuwa na mkono mwepesi wa kugeuza samaki, na mdomo mwepesi zaidi. Alipenda kazi ile kwa sababu pale kuna watu wazima wa kuongea nao. Nyumbani aliongea na sufuria. Siku moja aliniambia huku analia, "Mi niko sawa muntu wa gereza. Tena afazali bafungwa, bo banalalaka usingizi."

Angekuja hata na watoto, lakini mchanga wetu una sheria, na Mama Émilienne anayeulinda hana utani. "Mutoto wa mugongoni, sawa. Mutoto wa kutembea, hapana. Anakanyaga ndagala ya bantu." Kisha akamtumia Nadège salamu: Jumatatu asipoonekana, nafasi yake ya kuanikia inapewa mwingine.

Basi Nadège akafanya kama wanavyofanya wengi hapa mdogo anapoanza kutambaa: mkubwa anapelekwa kwa bibi yake. Mama mkwe wake akaja na boti kutoka Ubwari, ng'ambo ya maji, siku ya Jumapili. Vainqueur alipanda anacheka, alidhani wote wanasafiri. Nadège akasimama ndani ya maji na Chérie mgongoni, wakaitazama boti mpaka ikapotea. Jioni aliniambia amefurahi, na uso wake ulikuwa wa furaha kweli.

Jumatatu akafika mapema, kitenge kimekazwa. Tulimpigia vigelegele. Lakini Chérie hakutaka mgongo. Alijipinda, akapiga mateke, akamvuta mama yake nywele. Nadège akamshusha kando yangu, akampa mwiko wa kuchezea, kama alivyozoea kufanya nyumbani.

Nyumbani mwiko ulitosha. Sisi sote tuliamini ni mwiko. Hakuna aliyewaza kwamba Chérie alitulia pale kwa sababu kaka yake alikuwa anakimbia kumzunguka. Akiondoka, alikwenda alikokwenda Vainqueur tu, basi. Yule mtoto tuliyemwita fujo ndiye aliyekuwa uzio wake. Na nikikumbuka vizuri, nusu ya zile "Tema!" nilizozisikia uani kwao zilikuwa za sauti ya kitoto.

Chérie alitazama huku, akatazama kule. Hakulia. Akauacha mwiko, akashika njia kwa magoti juu ya nyavu tulizoanikia, akapita katikati ya ndagala zangu, akapita katikati ya ndagala za Mama Émilienne, moja kwa moja hadi pale boti ya jana iliposimama. Nadège alipogeuka mtoto alikuwa majini. Alikimbia akikanyaga kila kilichoanikwa, akamnyakua maji yakiwa yamefika kidevuni.



Mama Émilienne alitazama samaki waliochanganyika na mchanga. Si mwanamke mbaya. Alimfunika mtoto kwa kitenge chake mwenyewe kwanza, ndipo akasema, "Nadège, mwanangu, na wa kutambaa naye, hapana. Rudi nyumbani."

Nilimsindikiza. Alipofika uani alimweka Chérie chini na kupiga simu Ubwari, akafungua sauti kubwa ili mikono ibaki huru.

"Mama, munirudishie Vainqueur."

"Jana tu ulimutoa, bibi-arusi! Na ziwa imechafuka, boti haiendi. Ngoja nikupatie umusalimie."

Tulisikia pumzi za mtoto karibu sana na simu. Hakumsalimia mama yake. Akafoka tu, kama anavyofoka kila siku, "Chérie, tema!"

Chérie akatema. Kilikuwa kipande cha mkaa, wala sisi wawili hatukuona alikiokota wapi.

Kisha akaanza kumtafuta kaka yake. Aliinua simu akachungulia chini yake. Akaenda nyuma ya pipa, akarudi, akashika njia ya kwenda mlangoni, njia ileile ya ziwani. Nadège alimwahi. Akaufunga mlango wa uani, akakaa chini kwenye vumbi, akauegemea kwa mgongo, kwa ndani.