Mzee wa Akala na Kampuni ya Hasara

Wasomaji wangu, yule mzee wa akala pale Majengo ya Nyeri amekufa. Jumatatu asubuhi alikuwa anakata tairi, saa saba akasema kifua inamfinya, na kabla jua iingie tulikuwa tumeshamzika, vile Waislamu hufanya, haraka, bila hotuba ya wanasiasa. Mimi ni Mkristo wa kijiji cha Gakindu, sikujua nisimame wapi, lakini nilisimama. Hizo viatu zake za tairi nimevaa pea moja tangu bendera ya uhuru ipande. Nimetembea nazo mpaka Meru na kurudi, na nyoka ikiziona inatoka kwa njia yenyewe. Mlionizoea mnajua hapa kwa gazeti tunacheka kila wiki. Leo mtacheka kidogo, lakini mimi niko na hasira, na nitawaambia kwa nini.

Tairi za kukata hizo akala mzee alikuwa ananunua kwa kampuni moja kubwa ya ngozi upande wa Gatitu. Malori zao zilipasuka tairi kila wiki, kwa sababu hiyo barabara ilikuwa na shimo inaweza kumeza ng'ombe pamoja na mwenyewe na wale wanakuja kuuliza ng'ombe ilienda wapi. Siku moja karani wa hiyo kampuni alikuja kushonewa kiatu, mimi nikiwa hapo kwa benchi. Akaanza kujigamba. "Sisi hapa hatulipi kodi ya faida, na hakuna mtu anaweza kutushika."

"Kwani mnaiba?" mzee akamuuliza.

"Zii, mzee! Ni sheria. Kampuni iko na ndugu yake ng'ambo, kampuni ingine, mwenyewe ni yule yule mmoja. Tunamuuzia ngozi bei ya mandazi. Yeye anauza huko bei ya dhahabu. Sisi huku tunaandika hasara kila mwaka. Sasa mtu wa hasara atatozwa nini?"

Mzee akaweka kisu chini. "Hasara kila mwaka, na meneja wenu ameongeza gari ya pili?"

"Hiyo ni mambo ya wakili, mzee. Nishonee kiatu."

Mimi nilisahau hiyo maneno. Mzee hakusahau. Alikuwa na dada ameolewa Unguja, na Unguja ukiangalia vizuri ni ng'ambo, kuna maji katikati. Basi askari wa kaunsili ya mji walipokuja kuuliza laisensi ya biashara ya mwaka, mzee akakaa sawa kama meneja, akawaambia kibanda ni ya dada yake, akala zote anamuuzia dada senti kumi pea, na kwa hivyo hapa ni hasara tupu. Askari walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Halafu wakabeba kisu, nyundo, koleo, benchi, na ile jiwe ya kunolea. Mzee alibaki amesimama mahali benchi ilikuwa. Watoto saba nyumbani, na mikono yake haikujua kazi ingine. Wiki ya kwanza jiko iliwaka mara moja kwa siku. Ya pili, bibi yake akaanza kuuza sufuria.

Kotini nilienda na yeye. Hakimu akauliza, "Huyo dada yako anajua ako na biashara Nyeri?"

"Bado, mheshimiwa. Barua iko njiani."

Koti yote ikacheka, hata mimi, Mungu anisamehe. Hakimu akasema huo ni ujanja.

"Na ile ya kampuni ya ngozi inaitwa nini?" mzee akauliza.

Hakimu akafunga faili. "Hiyo haiko mbele yangu. Na wao wako na wakili." Akamwambia alipe laisensi na faini, ama vyombo vyake vipigwe mnada Ijumaa. Mzee akauza redio na ile kanzu ya Idi, akalipa, akarudi kwa benchi.

Sasa niambieni. Ujanja ni ule ule, ng'ambo ni ng'ambo. Mmoja anaitwa mjanja na kubebewa nyundo, mwingine anaitwa mwekezaji na kukaribishwa chai na wakubwa. Ati sheria inaruhusu! Na hiyo sheria iliandikwa na nani, na walikuwa wamekula kwa nani? Hiyo kampuni inatumia barabara yetu, maji ya mto wetu, polisi wetu kulinda geti yake, na wafanyikazi wamefundishwa kusoma kwa shule tulijenga na harambee, kila mama na kuku yake. Halafu wakati wa kuchanga inakuwa maskini kuliko mama wa kuku.

Mvua ya mwaka huo, gari ya meneja wa ile kampuni ililala kwa matope pale chini ya msikiti, mbele ya kibanda ya mzee, mpaka milango. Sisi hapa gari ikikwama hatuulizi ya nani, tunakunja suruali na kusukuma tukiimba. Siku hiyo mzee aliinua mkono na watu wote wakasimama. Akaenda kwa dirisha ya gari.

"Bwana meneja, kuna sheria inasema lazima nikusukume?"

"Hapana, mzee, lakini..."

"Basi mimi sijavunja sheria."

Akarudi kwa benchi, akakata akala moja yote, polepole, meneja akimwangalia na maji ikiingia kwa viatu. Halafu akasimama, akakunja suruali, akatuita. Tukasukuma. Gari ikatoka. Meneja akatoa noti ya shilingi kumi. Mzee akakataa. "Peleka kaunsili, dirisha ya tatu. Mimi hupanga laini ya kulipa hapo kila Januari, na sijawahi kukuona." Meneja akacheka, akakanyaga mafuta, matope ikatupiga sisi wote kwa uso.

Nilitaka kurusha jiwe. Mzee akanishika mkono, akapangusa macho, akasema, "Wacha. Angalau leo amejua anatolewa na nani."

Hakujua, wasomaji wangu. Mpaka leo anaandika hasara. Ndiyo maana nawaachia hii: tajiri akisimama mbele yenu na kusema hajavunja sheria yoyote, msibishane na yeye. Muulizeni tu ni watu wa wapi walisukuma gari yake, na yeye amesukuma ya nani.