Nilitumwa Kumfungia Mchoma Sindano, Nikampelekea Goti Langu

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Mnaotaka kunitukana nisomeni kwanza mpaka mwisho, halafu mtukane kwa raha zenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, afisa afya hapa Makambako. Kazi yangu ni kukagua. Nimefunga mabucha machafu, nimefunga migahawa, nilifunga hata duka la dawa la jirani yangu na mpaka leo tunasalimiana kwa shida. Nikipita sokoni watu wanafunika maandazi. Kwa hiyo mjue, sikuwa mtu wa kuchezewa!

Sasa kulikuwa na bwana mmoja, watu wakimwita Dokta. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la pembejeo, anachoma sindano za maumivu. Si hizi za takoni. Yeye aliziingiza ndani ya goti lenyewe, ndani ya bega, na wenye mgongo aliwachoma katikati ya pingili za uti. Watu walitoka mpaka Ludewa kumfuata. Udaktari aliupatia wapi? Alifua mashuka hospitalini miaka kumi na moja. Mashuka, jamani!

Barua ikaja kwangu: nenda kakague, ukikuta hana kibali, funga. Sheria hiyo naijua kama Baba Yetu. Sindano za namna ile ni za hospitalini, na anayezichoma ni daktari aliyesomea kazi hiyo. Nilikuwa nimehubiri hayo mimi mwenyewe kwenye mikutano ya mtaa, tena kwa kipaza sauti.

Nikaenda asubuhi, faili kwapani, nachechemea. Ndiyo, nachechemea. Goti la kulia lilikuwa linanitesa mwaka wa pili, na baridi ya huku mnaijua. Daktari wa Njombe alinipa mazoezi, akaniambia nipunguze mwili. Nani anapenda kuambiwa hivyo?

Dokta hakuuliza habari ya barua. Alinisalimia kikwetu huku akitazama goti.

"Kamwene, mama. Hilo goti limekauka mafuta."

"Nimekuja kukagua," nikasema.

"Kagua, mama, ni haki yako. Mimi mwenyewe napenda sana sheria, matapeli wamezidi siku hizi. Lakini kaa kwanza. Utakaguaje na maumivu?"

Nikakaa. Nikakaa, jamani! Faili nikaliweka pembeni, nikapandisha sketi. Na msicheke: nilimuuliza kama amenawa mikono. Akasema amenawa. Nikaridhika, nikaona ukaguzi nimeufanya.

Baada ya siku mbili nilipanda ngazi za ofisini kama binti wa kipaimara. Jumapili nikacheza na kwaya ya akina mama, wenzangu wakashangaa. Mchungaji akasema Mungu ni mwema, nikaitikia "kila wakati" kwa sauti kuliko wote, huku najua nani aliyenichoma.

Ripoti nikaandika hivi: mahali ni safi, mhusika ana ushirikiano mzuri, apewe muda akamilishe nyaraka. Nikagonga mhuri, nikatia saini, nikamwachia nakala. Na uongo haukuwamo! Palikuwa safi kweli, na ushirikiano alinipa. Nilijipongeza kwa akili zangu.

Dada yangu mkubwa analima viazi Mdandu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, mgongo wake ulianza kuharibika akinibeba mimi. Habari za Dokta sikumwambia, naapa. Alizisikia kwa wenzake shambani, akapanda gari mpaka Makambako, akachomwa mgongoni, akarudi zake bila kupita kwangu. Alitaka nimwone akiwa ameshapona.

Siku ya tano akanipigia simu. "Mdogo wangu, nina homa. Na miguu inaniishia."

Nilimkuta kitandani anatetemeka. Mahali pa sindano pamevimba, pa moto. Nikamshika vidole vya mguu.

"Dada, unasikia nikikushika?"

"Umeshashika?" akaniuliza.

Eeh Mungu wangu!

Nikamkimbiza hospitalini Njombe, wakampasua siku ileile. Daktari akanieleza kwamba sindano iliingiza uchafu, usaha ukajaa kando ya uti wa mgongo na kubana mishipa ya fahamu. Alikuwa na hasira. "Hawa watu nani anawaruhusu kuchoma migongo ya watu?" akaniuliza.

"Hata sijui, daktari," nikajibu. Mimi huyo!

Dada alipopata nafuu ya kuongea akanisimulia mwenyewe. "Nilimuuliza, wewe ni daktari kweli? Akanionyesha ukutani. Karatasi yenu iko kwenye fremu, nikaona saini yako. Nikasema, aa, kumbe mdogo wangu ameshapaona. Nikavua."

Hakunilaumu. Alikuwa ananipa habari tu, kama mtu anayekusifia. Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea benchi.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wangu, nikasema yote, pamoja na la goti. Tulipofika kule nyuma ya duka chumba kilikuwa kitupu. Dokta alikwishahama, na fremu ameondoka nayo.

Cheo nimevuliwa, sasa napanga majalada. Goti lilirudi kuuma kabla ya miezi miwili. Dada naishi naye, anatembea kwa kushikilia chuma cha kutembelea, kutoka chumbani mpaka sebuleni, na hapo anapumzika. Viazi vyake analima mwingine.

Lakini kuna la kuwasimulia. Kabla ya kuvuliwa cheo, kamati ya nidhamu ilinihoji asubuhi nzima. Mzee mmoja ndiye aliyenikaba kuliko wote: "Mtumishi msomi, unamfunulia goti mfua mashuka? Hujui taratibu?" Tulipotoka akanifuata kwenye korido, akatazama nyuma, akanong'ona:

"Mama, samahani. Yule bwana amehamia wapi? Mgongo wangu huu..."

Nilimtazama, sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia, "Mzee, njoo kwanza nyumbani umsalimie dada yangu. Ukishamwona anavyosimama, nitakusindikiza mwenyewe hospitalini."

Alikuja Jumamosi. Alimkuta dada anajaribu kuinuka ili amkaribishe mgeni. Ilimchukua muda mrefu. Mzee akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, hajui amsaidie au asimsaidie.

Jumatatu tulikuwa foleni pamoja hospitalini Njombe, yeye na mgongo wake, mimi na goti langu. Wote wawili tuliambiwa tufanye mazoezi.

Fanyeni mazoezi, ndugu zangu! Na mtu akitaka kukuingizia sindano kwenye maungio au uti wa mgongo, usitazame saini ya nani iko ukutani. Muulize alisomea wapi, kisha nenda ukaulize huko alikosema. Na wewe mwenye mhuri, ukiumwa, siku hiyo usikague mtu. Kaa nyumbani uumwe.